Koo la Chigusa

Osaka, 8 Machi 1992

Shangazi Yasue,

Shikamoo. Baridi ya huku haijaondoka, ila jana niliuona mplamu wa nyuma ya duka umetoa maua matano, nikakukumbuka, maana wewe huamini kama mwaka umeanza mpaka uone ua. Baba hajambo? Vitunguu vimeshika baada ya ile theluji? Na magoti yaliyokutoa jukwaani je? Bibi Kinuyo msalimie sana. Mwambie ile kaseti ya nyuzi za shamisen yake aliyonirekodia bado ninayo, ingawa Nonaka, mpiga ngoma wetu, aliiazima akairudisha inanuka supu ya tambi.

Najua umeshangaa kupata barua yangu, mimi ambaye hata kadi ya mwaka mpya huituma Februari. Wiki iliyopita ulinipigia simu mara mbili. Mara zote mbili mtu aliinua simu akakaa kimya, na ya pili ukasema, "Mpumbavu wewe, kama huna la kusema kalale!" ukakata. Yule mpumbavu ni mimi, Shangazi. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nimekatazwa.

Daktari wa koo amenionyesha picha. Kwenye nyuzi zangu za sauti kuna vinundu viwili, kila upande kimoja, na kila nikifungua kinywa vinasuguana. Amesema nisitoe sauti miezi mitatu. Si kuimba tu, hata kuongea, na kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Nimefunga daftari dogo kwa kamba, nalivaa shingoni. Bibi Horie, mwenye duka la dobi ninakofanya kazi, siku hizi ananipigia kelele kana kwamba nimekuwa kiziwi. "CHIGUSA! MASHATI! YA! DAKTARI! WA! MENO!" Namwandikia: Masikio yangu mazima. Anasoma, anatikisa kichwa kwa huruma, kisha anaendelea vilevile.

Sasa jambo lenyewe. Baba aliwahi kuniambia kwamba ulipokuwa na miaka kumi na tisa ulitema damu kooni, na baada ya hapo ukasimulia michezo ya vikaragosi miaka arobaini bila kukosa onyesho. Ulifanyaje? Bendi yetu imeitwa Nagoya na Tokyo mwezi wa sita, na mwezi wa tisa tunarekodi albamu. Wenzangu wananisubiri. Nifundishe. Niandikie tu, kama unavyoniandikia namna ya kutia figili chumvi, nitafuata hatua kwa hatua.

Baba asijue, tafadhali. Atasema nirudi kuvuna.

Mwanao,
Chigusa


Fukura, 2 Aprili 1992

Chigusa,

Marahaba. Baba yako mzima, analalamika tu. Vitunguu vimeshika. Magoti yangu hayakuhusu. Maua ya cheri ya pale shuleni yalifunguka jana, na leo upepo na mvua ya mlango-bahari vinayamwaga yote. Nimeyatazama nikiwa nimesimama, maana wote waliokwenda kukaa chini yake na mikeka walirudi nayo imelowa.

Kwa hiyo mhuni wa simu ulikuwa wewe. Siombi radhi. Mtu anayeinua simu asiongee anastahili matusi.

Sauti haifundishwi kwa barua. Lakini nitakusahihishia habari ya damu, kwa sababu naona unaihusudu. Mwalimu wangu alinisimamisha kwenye majabali mwezi wa Januari, upepo ukinijia usoni, akaniambia, "Ishinde bahari." Siku ya tisa nikatema damu. Akafurahi! Akasema sasa koo limefunguka. Nilimwamini miaka kumi, mpaka siku moja nikamtazama vizuri yeye mwenyewe anaposimulia. Hakuwahi kupiga kelele kwa koo hata mara moja. Alikaa chini, mkanda umekazwa kiunoni, na ndani ya vazi, juu ya tumbo, kimfuko cha mchanga na maharage. Sauti ilianzia pale. Kooni ilipita tu, kama mtu mwenye adabu anayekatiza sebule ya jirani, hagusi kitu.

Nakutumia kimfuko changu. Kila asubuhi ukiweke tumboni upumue, bila sauti, mpaka tumbo likisukume lenyewe. Hilo hata daktari wako hatalikataza.

Nami nina swali. Sisi tunaposimulia, mke analia kwa sauti yake, askari anatisha kwa yake, mtoto anauliza maswali kwa yake, na wote wanatoka kinywani mwangu. Wewe ukipiga kelele zako huwa unakuwa nani? Unasema maneno gani? Miaka sita umo ndani ya hiyo bendi na hujawahi kuniambia.

Vitunguu vilivyomo kwenye boksi ni vya mwanzo. Uvile vibichi, usivipike.

Shangazi yako


Osaka, 6 Mei 1992

Shangazi,

Shikamoo tena. Vitunguu vilikwisha siku nne. Nonaka alikula viwili kama matofaa, akiwa amesimama kando ya sinki, machozi yakimtoka, na bado akasema vitamu. Kimfuko nakitumia. Siku za kwanza nilikuwa nalala usingizi nacho tumboni. Sasa kinapanda na kushuka.

Hukusema lolote juu ya Bibi Kinuyo. Amesafiri?

Swali lako limenikalia. Ukweli ni kwamba sisemi maneno. Mwanzoni niliandika, nikayakariri, lakini Kuga, mpiga gitaa wetu, akishawasha spika zake maneno hayafiki hata kwa aliye mbele kabisa. Nikayaacha. Nilichobakiwa nacho ni kile kinachokuwepo kabla mtu hajapata neno, kama vile unapojigonga kidole au unapoona jina la mtu unayemfahamu kwenye tangazo la kifo. Wengine wanasema muziki wetu ni panki, wengine wanasema ni kelele tupu. Kuga hulipenda hilo la kelele, hulitamka kama mtu anayetaja ukoo wake. Tunapoanza hatujui tutapiga nini. Kuna ishara za mikono tu. Kuga akifunga ngumi, Nonaka anaongeza mwendo hadi usione tena vijiti vyake. Akiinua vidole viwili, wote wanakatika kwa pamoja, hakuna anayepiga, na sauti yangu inabaki peke yake, muda wowote nitakao. Kuwa pale, Shangazi, ukumbi mzima umenyamaza ghafla na wewe ndiye pekee uliyebaki! Siwezi kukueleza niko nani wakati huo. Labda ndiyo sababu ninapenda.

Nakutumia kaseti. Isikilize mahali ambapo hakuna kuku.

Kwa maonyesho ya mwezi wa sita wamemchukua mtu wa Kobe, Murai, ashike nafasi yangu. Ni kwa muda tu. Ni kijana mpole, hunifungulia mlango. Nakwenda mazoezini kama kawaida, nakaa juu ya boksi la spika na daftari langu. Sina neno juu ya hilo.

Chigusa


Fukura, 14 Juni 1992

Chigusa mwanangu,

Marahaba. Tumevuna. Banda zima limejaa vitunguu vilivyoning'inia, na mikono yangu haiwezi kukamata kalamu vizuri, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Kaseti niliisikiliza humo bandani, kwenye redio ya baba yako. Dakika ya kwanza nikadhani utepe umekatika. Ya tatu nikataka kuizima. Hapo baba yako akaingia na toroli.

"Mashine gani hiyo imeharibika?" akauliza.

"Si mashine. Ni binti yako."

Akaweka toroli chini. Akasimama pale, kofia mkononi, mpaka upande wote ukaisha, na unajua upande mmoja wa kaseti ni dakika ngapi. Kisha akauliza, "Anamkasirikia nani?" Nikamwambia hakuna anayekasirikiwa, ni muziki. Akasema, "Mbona mimi nilikuwa najitafuta humo?" akasukuma toroli akaenda zake. Sikumwambia habari ya koo. Uliniomba.

Mimi nasema hivi: una kipaji, na unasukuma kwa koo. Nimekusikia. Kila unapotaka kwenda juu unainua mabega, nayaona mabega hata kwenye kaseti. Lakini ile sehemu wanapokatika wote ukabaki peke yako, pale hukusukuma. Pale ulipumua. Nilirudia mara tatu.

Kinuyo ni mzima, nasikia.

Shangazi


(Kadi ya posta) Fukura, 20 Julai 1992

Hujajibu. Umekufa? Kama hujakufa andika.


Osaka, 9 Agosti 1992

Shangazi,

Shikamoo. Sijafa. Joto hili la Osaka limejaribu. Dukani pasi za mvuke zinatupika, na Bibi Horie amefunga barafu kwenye taulo kichwani, anafanana na mtu aliyetoka vitani. Natumaini huko upepo upo na wewe na Baba mnakunywa maji.

Sikujibu kwa sababu nilikudanganya niliposema sina neno juu ya Murai, na sikujua nianzie wapi.

Nilikwenda nao Nagoya. Nilijiambia nakwenda kubeba nyaya. Murai aliimba vizuri, Shangazi, hilo kwanza niliseme. Ana mapafu. Lakini katikati Kuga akainua vidole viwili, wote wakakatika, na Murai akasimama tu pale. Hakuwa na kitu cha kuweka. Kimya kile kilikuwa changu! Nilikuwa pembeni ya jukwaa, hatua nne. Sikumbuki kuzipiga. Nilimpokonya kipaza sauti nikapiga kelele, na kimfuko chako kilikuwa kwenye begi, na mabega yangu yalikuwa masikioni. Nonaka anasema ilikuwa sekunde tisa tu. Watu walishangilia wakidhani tumepanga.

Nyuma ya jukwaa Kuga alinikumbatia. "Hii ndiyo bora kuliko zote ulizowahi kufanya."

"Bora?" Nonaka akamwambia. "We mwehu nini? Angalia taulo lake!"

Lilikuwa na damu. Wewe ulisema mwalimu wako alifurahi. Wa kwangu, Kuga, pia.

Daktari alinigombeza hadi muuguzi akatoka chumbani. Kimoja cha vile vinundu kimepasuka, na kingine kimekuwa kigumu. Lazima vikatwe. Itakuwa mwezi wa tisa. Anasema sauti itarudi, ila haahidi ni sauti ipi. Ya kupiga kelele nisiitegemee.

Nilimwandikia Kuga yote kwenye daftari. Alisoma, akakuna kichwa, akasema, "Basi Murai atabaki. Tutarekodi naye. Unaelewa, sivyo?" Nikaandika: Naelewa. Akafurahi kwamba naelewa. Nilikwenda nyumbani nikalala siku mbili, kisha nikarudi kazini.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Usije. Ukija nitalia, na kulia pia kumekatazwa.

Chigusa


Fukura, 17 Agosti 1992

Chigusa mwanangu,

Tumewasha moto wa kuzisindikiza roho za wafu wetu jana jioni, na marehemu mama yako tulimwekea biringanya na chai ya baridi kama apendavyo. Baba yako alimweleza mambo mengi, midomo ikichezacheza. Sijui alimwambia nini. Hajambo. Mimi sijambo.

Sitakugombeza. Nimekaa na barua yako siku tano nikitafuta la kukufundisha, na kila nililoandika nikalichana, kwa sababu nami nimekudanganya. Si magoti yaliyoniachisha kusimulia.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi na moja, tulikuwa kwenye ukumbi wa mji. Kwenye mchezo, mke anamfungia mumewe mizigo ya safari, anajua kabisa hatarudi, lakini hasemi. Nimelisimulia tukio hilo labda mara mia nne. Nikafika mahali anaposhika soksi za mumewe na kuanza kuzikunja, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Maneno nilikuwa nayo. Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu. Pumzi ilikuwepo. Sauti haikuja.

Kinuyo alikuwa kando yangu na shamisen yake, mahali pake pa miaka thelathini na moja. Hakusimama. Akapiga. Akaendelea kupiga, taratibu, vitu ambavyo havimo kwenye mchezo wowote ninaoujua, na wachezesha vikaragosi wakamfuata, yule mke akawa anakunja soksi, anazikunjua, anazikunja tena. Watu wakaanza kulia. Ilichukua muda wa kunywa chai kikombe kizima mpaka pazia likafungwa, na mimi nimekaa pale mdomo wazi kama samaki sokoni. Makofi hayo sijawahi kuyapata nikiwa na sauti.

Nyuma nikamwambia, "Miaka thelathini na moja ulikuwa unangoja nafasi ya kuonyesha kwamba hunihitaji. Umenizika na bado napumua." Alipangusa kipigio chake cha nyuzi, akaiweka shamisen kwenye sanduku, akavaa viatu, akaondoka. Hatujasemezana tangu siku hiyo. Nyumba yake naiona kutoka kwenye dirisha la jikoni kwetu.

Nilikwenda kwa daktari mjini Sumoto. Alichungulia akasema koo langu safi kama la mtoto. Wewe una cha kukata, Chigusa. Mimi sina. Tangu siku ile sijasimulia hata mstari mmoja, na bado nikathubutu kukutumia kimfuko.

Nakuja mwezi wa tisa utake usitake.

Shangazi


Osaka, 28 Septemba 1992

Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa uji, na samahani kwa yule muuguzi uliyemwambia hajui kukunja shuka. Ulipoondoka alikuja akazikunja upya, kwa namna yako. Natumaini feri haikukuyumbisha.

Sasa siku ya kumi na nane tangu wanikate. Jumatatu daktari aliniruhusu kutoa sauti kwa mara ya kwanza, "a" moja tu. Ilitoka kitu cha chini, kikavu, kama mlango wa kabati. Nikageuka kuona nani ameingia.

Siku ulizokaa kando ya kitanda hukugusa habari ya Bibi Kinuyo, na mimi sikuwa na namna ya kukukatiza. Sasa nakukatiza. Nimefikiri sana. Sisi hatuna kitabu mbele yetu, kwa hiyo kila onyesho mtu anaanguka. Mimi nimeanguka, Kuga huanguka kila mara, tena hukasirika. Na jambo moja tulilokubaliana tangu mwanzo ni hili: mwenzako akianguka, usisimame. Ukisimama, kila mtu ataona ameanguka. Ukiendelea, pale alipoangukia panabaki pake, anaweza kurudi wakati wowote. Bibi Kinuyo hakukuzika. Alikushikia mlango. Kikombe kizima cha chai alikushikia mlango, Shangazi, nawe hukuingia, ukatoka nje kwa hasira kumtukana mtu aliyeshika mlango.

Nimekukosea adabu, najua. Ungekuwa karibu ningeandika hivi kwenye daftari kisha ningekimbia.

Nenda kwake. Ni hatua ngapi kutoka dirisha la jikoni?

Chigusa


Fukura, 15 Novemba 1992

Chigusa,

Marahaba, mkosa adabu. Baridi imeanza. Tumeshapanda miche yote, mgongo wa baba yako umegoma, analala sakafuni kando ya meza mbele ya runinga na kusema hana kitu.

Hatua mia moja na sitini. Nilizitembea wiki sita, yaani nilikuwa nafika kwenye ua wake narudi. Juzijuzi nilimkuta barazani na ndoo mbili za matunda ya kaki, yale machungu ya kumenya na kuanika. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kuomba radhi au umekuja kumenya?" akauliza.

"Vyote."

"Anza na kumenya. Kisu hicho hapo. Usiache ganda kwenye kikonyo, ulikuwa unaacha."

Tukamenya ndoo ya kwanza. Kwenye ya pili nikamwambia maneno yako, kwamba alinishikia mlango, kwamba sasa nimeelewa, kwamba lilikuwa jambo kubwa alilonifanyia. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Akacheka hadi akaweka kisu chini.

"Mlango? Nani kakwambia? Yasue, mimi niliogopa. Niliendelea kupiga kwa sababu sikujua kusimama. Nilikuwa nakuangalia, nakuangalia, najisemea huyu mwanamke amekufa palepale kwenye mto wake wa kukalia, na nikisimama watu watajua amekufa. Usinitukuze bure."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nimekuzika. Ningejibu nini? Nilikwenda nyumbani nikatapika."

Nikamwomba radhi hapo, na kisu mkononi, maji ya kaki yakinitiririka hadi kiwiko. Akasema, "Haya." Akasema pia kwamba nimezeeka. Nikamwambia yeye ndiye mkubwa kwa miaka mitatu. Tukazifunga kaki kamba, sitini na kitu, na tulipomaliza akaingia ndani akatoka na shamisen, akaketi, akaanza kuikaza nyuzi bila kuniuliza.

Sikuweza siku hiyo. Wala siku iliyofuata. Siku ya tatu nilisema mstari mmoja, kwa sauti ya kuagiza chai tu. Akauliza, "Na unaofuata?" Ndipo tulipofika, unaofuata. Tumeandikiwa kusimulia tarehe kumi na tatu Desemba, si ukumbi wa mji, ni chumba cha ushirika wa wakulima, na watakuja wazee ishirini hivi pamoja na mbwa wa mtu. Huenda nikafungua kinywa kisitoke kitu. Nimemwambia Kinuyo. Akasema safari hii atasimama akaninywee chai halisi.

Koo lako?

Shangazi


Osaka, 5 Desemba 1992

Shangazi,

Shikamoo, na umpe shikamoo yake Bibi Kinuyo, pamoja na hii: nilikosea, nimefurahi nilikosea. Baba mgongo vipi? Huku Bibi Horie aliposikia naongea alianza kuninong'oneza, sijui kwa nini. Nadhani ameshazoea kunitendea kinyume.

Sauti yangu ni ileile ya kabati, imelainika kidogo. Iko chini. Haipandi. Nimejaribu, kwa tumbo, mabega chini, haipandi, na daktari anasema hapo ndipo itakapokaa. Nililia siku moja kwa sababu sasa kulia kumeruhusiwa.

Bendi ilirekodi na Murai. Nimeisikiliza na ni nzuri. Nilitamani isiwe nzuri. Kisha wiki mbili zilizopita Nonaka akaja dukani, akasimama mbele ya kaunta na viatu vyenye matope, akaniambia, "Leo saa tisa mazoezi. Unakuja."

"Kufanya nini? Siwezi kupiga kelele."

"Sijakwambia upige kelele. Nimekwambia uje."

Nikaenda. Murai akanifungulia mlango, akanipa kipaza sauti cha pili kama anayerudisha kitu alichoazima. Wakaanza. Niliwaacha muda, nikipumua, kisha nikaingia kwa kile nilicho nacho, chini kabisa, karibu na kuongea. Kuga akasimamisha.

"Sikusikii," akasema.

Nikarudia.

"Chigusa, sikusikii kabisa."

"Basi punguza gitaa lako," Nonaka akamwambia.

Shangazi, katika miaka sita hakuna mtu aliyewahi kumwambia Kuga maneno hayo. Alimtazama kama aliyeambiwa auze mama yake. Akaweka gitaa chini, akatoka nje. Tukakaa. Murai alikuwa anafunga na kufungua kamba za viatu. Kuga alivuta sigara mbili, tuliziona kupitia kioo, kisha akarudi, akaenda kwenye spika zake akashika kile kitufe cha sauti, na hakukigeuza. Akakaa amekishika. Halafu akakigeuza. Si sana.

Tulipiga dakika arobaini. Murai juu, mimi chini. Sijui kama ni muziki bora kuliko wa zamani. Watakaokuja kusikia kelele zetu za zamani huenda wakatoka, na sitawalaumu. Lakini vidole viwili vilipoinuka na wote wakakatika, nilibaki pale na sauti hii ndogo, na kwa mara ya kwanza nilisikia maneno ndani yake. Nilikuwa nasema maneno, Shangazi. Nitakuja kukuambia ni yapi.

Kuna jambo la mwisho. Jumapili asubuhi simu ililia.

"Naomba kuongea na Chigusa," mtu akasema.

"Ni mimi, Baba."

Niliisikia runinga yake kwa nyuma.

"Chigusa ana sauti kali," akasema. "Wewe nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, tangu Machi, damu, kisu, na kwamba nilikukataza usimwambie, kwa hiyo usije ukagombezwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikadhani simu imekatika.

"Sema tena," akasema.

"Nirudie yote?"

"Chochote. Sijakuzoea bado."

Basi nikaketi sakafuni nikamwambia chochote. Nilimwambia kinachoonekana dirishani kwangu, mfereji, mkokoteni wa mtu wa chupa, nguo za jirani zilizoganda kwa baridi. Kila nikinyamaza alisema, "Enhe," nami nikaendelea. Mwishowe akaniambia atakuja na pikapu kunipokea kwenye feri tarehe kumi na mbili, siku moja kabla ya onyesho lenu, na nivae kofia.

Chigusa